Wapasua Ulanga Wameniachia Banda

Mshauri wetu mpendwa, salamu kutoka Morogoro, nakuomba unisaidie maana nimekwama na sina wa kumweleza. Mimi ni msimamizi wa banda ambamo akina mama hupasua ulanga, lile jiwe la milimani linalobanduka vipande vyembamba kama kioo, na tangu zamani kila mmoja huchukua jiwe lake, hulipasua, hukata kingo na kuchagua vipande mwenyewe hadi mwisho, lakini Bwana wetu Mdachi alipokwenda Dar es Salaam aliniagiza nigawe kazi katika meza tatu, wengine wapasue tu, wengine wakate, wengine wachague, ili mzigo utoke upesi, nami kwa kuogopa maneno yao nikanyamaza siku nne, Jumatatu wakakuta meza zimeshapangwa. Bi Chausiku, aliyenifundisha kazi hii, nikamweka kuchagua. Akachanganya vipande safi na vyenye madoa, nikamfokea mbele ya wenzake. Akasimama, akasema, "Haya, mwanangu, chagua wewe," akatoka, akapanda kwake mlimani, na wanawake saba wakamfuata. Ndipo Regina, mmoja wa waliobaki, akaniambia, "Kumbe hukujua? Macho yake yamefifia. Anapasua kwa kupapasa, na vipande vyake tulikuwa tukimchagulia sisi." Sasa waliobaki wanayaharibu mawe tu, vipande vizima havitoki, Bwana anarudi wiki ijayo, na karani ananishauri nimwombe akida atume askari awarudishe. Nifanyeje?

Leonard

Leonard, nakuhurumia, maana agizo halikuwa lako. Lakini ukimya wa siku nne ulikuwa wako, na makelele ya Jumatatu pia. Ungemuuliza tu, "Bi Chausiku, wewe ukae meza gani?", leo ungekuwa naye.

Habari ya askari iache kabisa. Mtu aliyeletwa kwa kiboko atapasua jiwe, lakini hatakuambia unapokosea.

Kesho asubuhi panda mlimani kwa Bi Chausiku peke yako. Mpe shikamoo, umwombe radhi, na akikubali kurudi, rudia radhi hiyo mbele ya wale wale waliosikia ukimfokea. Macho yake usiyataje kwa mtu bila ruhusa yake. Kisha jaribuni utaratibu mpya kwa kikundi kimoja cha wanaotaka, wengine waendelee kama zamani, mtazame pamoja wapi vipande vinavunjika na wapi kazi inakwenda. Huenda Bwana hakukosea. Akirudi, mweleze mwenyewe kabla ya karani kwamba uliwapanga watu bila kuwauliza. Atakasirika, vumilia.

Na Bi Chausiku akikataa, usimlaumu. Shuka, keti na waliobaki, umuulize kila mmoja kazi anayoiweza. Hapo ndipo ulipopaswa kuanzia.