Kitufe Chekundu cha Mama Oliva

Mbinga, Ijumaa jioni

Dada Editha,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko uliko? Najua wa huko hawaulizwi homa wala kifua, lakini nilifundishwa kuanza barua kwa kumjulia mtu hali, na wewe kwangu bado ni mtu. Sisi tu wazima. Kahawa imezaa, na nimeambiwa ndugu zako kule Lundo wamelijengea kaburi lako vizuri. Ila mimi, dada, nina hasira. Nimeungama kwa Padre, akanipa malipizi, nimeyasali yote, hasira iko palepale. Ndiyo maana nakuandikia.

Ile programu yetu imetoka. Ile ya kuomba kwa simu zamu ya kumenya kahawa mtamboni, tuliyoichora kwenye karatasi za manila sebuleni kwangu msimu mzima, sasa iko kwenye simu za watu. Kampuni ya mnunuzi inaigawa bure. Na rangi wamezigeuza.

Unakumbuka siku ile kwa Mama Oliva? Wewe mtu wa ziwani, uliyekua na dagaa, si na kahawa, ulikuwa umechora kitufe cha kijani cha kutuma na chekundu cha kufuta. Ukampa karatasi kana kwamba ni simu, ukanikanyaga mguu chini ya meza ili ninyamaze. Akaitazama, akabonyeza chekundu. Ukamuuliza kwa upole kwa nini. Akakuangalia kama mtoto asiyejua kuchota maji. "Mwanangu, kahawa ya kijani inapelekwa mtamboni kufanya nini? Ikiwa nyekundu ndiyo tunasema twende." Halafu akaniuliza kwa Kimatengo eti huyu msomi wako amesomea wapi. Nilipokutafsiria ulicheka mpaka machozi. Ukaichana karatasi palepale mbele yake, ukachora nyingine, nyekundu ikawa ya kutuma. Tukaipeleka kwa wazee wengine huko mlimani, na wote walibonyeza kama yeye.

Mimi ni wa darasa la saba, fundi wa kutarizi vitambaa vya altare. Nilitaka kila mstari upigwe rula. Ukaninyang'anya rula. "Mchoro ukipendeza sana watu wanaona haya kuukosoa. Chora ovyo kidogo, waone bado kuna nafasi ya maneno yao." Ukanipa kalamu ya wino mzito, ili nisiweze kujaza vitu vidogo vidogo. Karatasi moja, jambo moja. Ukanikataza kumuuliza mtu kama ameipenda, maana kwa adabu zetu atasema ndiyo hata kama haoni kitu. Niulize tu, "Sasa hapa utafanya nini?" kisha nifunge mdomo. Hilo la kufunga mdomo unajua lilivyonitesa. Ukanifundisha kuichora na siku mbaya pia: mtandao umekatika, kidole kinanata utomvu wa kahawa, miwani imesahaulika nyumbani. "Kitu kinachofuta," ulisema, "kikae mbali na kidole gumba, na kiulize kwanza."

Sasa sikia walichofanya. Ulipotutoka, watu wa kampuni wakaja kuchukua michoro yetu. Meneja wao, kijana mwenye viatu vya kung'aa, akaipitia akiwa amesimama. "Mama, dunia nzima kijani ni ndiyo." Nikamwambia hii haitumiwi na dunia nzima, itatumiwa na Mama Oliva. Akacheka. "Watazoea, mama."

Msimu ukaanza. Mama Oliva akachuma kutwa, matunda mekundu matupu, akabonyeza chekundu, akalala kwa amani. Simu haikumuuliza lolote, ikalifuta ombi lake. Asubuhi akasimama mtamboni na viroba vyake, jina lake hakuna. "Hukuomba zamu, bibi." Akarudi, akaomba tena, kidole kilekile, kitufe kilekile. Kahawa ikachacha kwenye viroba, harufu unaijua. Wengine pia yamewapata. Wale vijana wa pale mtamboni wakawa wanaitana, "Njooni mwone, bibi wa nyekundu amefika."

Tangu hapo haji hata jumuiya. Nilimfuata nyumbani, akaniambia kichwa chake kimezeeka, asisumbuliwe. Dada, hasira yangu iko hapo. Kahawa ilioza, sawa, Mungu atatoa nyingine. Lakini mama aliyelima mlima huu tangu enzi za ushirika, kabla hawa wanunuzi hawajaruhusiwa kuja kila mmoja na mzani wake, leo ameaminishwa na kitufe kwamba yeye ni mjinga. Na mwenye kitufe analala usingizi.

Jana meneja kaja kwangu, maana mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya. Ananitaka Jumapili baada ya Misa nisome tangazo lake. Limeandikwa kwa lugha nzuri, kwamba kahawa iliyoharibika iliharibika kwa uzembe wa wakulima kutofuata maelekezo, na kwamba mimi nitawafundisha kubonyeza kijani, kwa posho. Msimu ujao asiyeomba kwa simu hapokelewi. Umeuona mtego? Nikimkatalia, wazee wetu wataachwa nje na kahawa zao. Nikimkubalia, nimewaita wazembe mbele ya altare.

Nimesali rozari mpaka mwisho na nimeamua. Atakayekuja kwangu nitambonyezea mwenyewe, bila posho ya mtu, ili kahawa yake isioze tena. Lakini tangazo lile silisomi. Nitasimama Jumapili niseme kwa kinywa changu kwamba Mama Oliva hakukosea. Aliulizwa, akajibu sawasawa, na waliopewa jibu lake wakalitupa. Meneja huwa anakaa benchi la mbele. Na asikie. Kama atanikataza kukanyaga mtamboni, basi anikataze.

Lala salama, dada yangu. Hilo la Jumapili nakuahidi, na nimelitamka mbele ya msalaba, kwa hiyo siwezi kurudi nyuma. Niombee sauti, maana ikianza kutetemeka watadhani nalia, na mimi silii.

Nijibu mapema, kabla ya Jumapili kama wanakuruhusu.

Ni mimi mwenzako,
Mama Tasiana