Mfuko Nilioushona kwa Turubai

Bukoba, Jumatano

Kosa ni langu. Ule mfuko wa kuonyesha upepo kwenye uwanja wa ndege niliushona mimi, kwa turubai nene, nikidhani utadumu. Leo umelowa mvua, ukaning'inia tu. Mlinzi akanicheka, "Mwalimu, mfuko wako umelala kama mlevi!" Rubani naye akaamini hakuna upepo, akaondoka kuelekea ziwani.

Kumbe upepo ulikuwa mgongoni mwake, na ndege hupaa vizuri ikiukabili upepo. Niliuona ukiinamisha migomba. Uwanja ukaisha ndege haijapaa, nikafumba macho. Nilipofumbua, magurudumu yalikaribia kugusa maji.



Kesho rubani huyo huyo anampeleka mama yangu hospitali huko Mwanza, akapasuliwe. Naogopa. Nimeshona mfuko mwingine kwa kanga nyepesi ya Mama. Alfajiri nitamkabidhi rubani mwenyewe, na nitamwambia kwa nini.