Sufuria Niliyoiunguza

Mkwe wangu,

Chai iko kwenye chupa. Nguo nimeanua. Mjukuu wangu asiguse mkate kabla hajanawa.

Sasa, ile sufuria. Asubuhi uliponifokea, "Mama, umeniunguzia sufuria!", niliinama, ukadhani nalia, ukaenda kazini umenyong'onyea. Nilikuwa nacheka! Tangu nihamie kwenu ni "kaa tu, Mama", "pumzika, Mama", hata kijiko siruhusiwi kuosha, utadhani mgeni. Leo hatimaye nimefokewa kama mtu wa nyumbani.

~~Nisamehe.~~ Siombi msamaha ng'o. Nimetoka kununua dodoki, nitaisugua mwenyewe, kisha napika.

Ikiungua tena, nifokee kwa sauti, mume wako naye asikie.

Mama wa humu humu ndani