Jiwe Lako la Visigino

Mama,

Kwanza nikuambie kwamba visigino vyangu ni safi. Najua usingesoma mstari wa pili kabla ya kujua hilo. Aliyevisugua nitamtaja, tulia.

Pili, tumelikata jiwe lako. Usiruke hivyo. Ngoja nikueleze tangu mwanzo.

Jiwe lenyewe ni lile lililokaa mlangoni mwa bafu la mabati pale nyumbani Asembo, ukubwa wa nusu mkate, lenye vishimo vishimo kila upande. Kila Jumamosi jioni ulikaa kwenye kile kigoda ukaita, "Kel tiendi!" nasi tukaleta miguu mmoja mmoja: Atieno kwanza kwa sababu ni mkubwa, mimi katikati, halafu Achieng, ambaye alikuwa akilia kabla hajaguswa. Hukutaka mtoto wako aingie kanisani na magaga. Ulilichovya majini kwanza, ukisema jiwe kavu linachuna ngozi. Likilowa, ule ukahawia wake uliondoka, likawa jekundu lenye nyuzi nyeupe. Likikauka, basi, linarudi kuwa jiwe la kawaida. Nilipokuwa mdogo niliamini ni maji ndiyo yaliyokuwa na rangi.

Sasa, baada ya mazishi tuligawana vitu vyako bila kelele. Vitenge, sufuria, hata redio. Tulikuwa tunajisifu jinsi tulivyolelewa vizuri. Kisha nikaenda bafuni nikakuta jiwe halipo. Lilikuwa ndani ya mkoba wa Atieno, limefungwa kwa kitambaa chake cha kichwa cha kanisani.

"Hii ni ya mkubwa," akasema.

"Mkubwa amechukua sufuria kubwa, amechukua kitanda, sasa mawe pia?" Achieng akajibu. Mimi nami nikaingilia, nikasema kazi yangu ni taili, kwa hiyo mambo ya mawe waniachie mimi. Mama, ungetuona! Wanawake watatu wazima wanapigana maneno mbele ya bafu. Atieno akaondoka na jiwe hadi Luanda Kotieno kwenye samaki wake, Achieng akarudi Kombewa, mimi Kisumu. Miezi mitano hakuna aliyempigia mwenzake simu. Nilikulilia wewe, ni kweli, lakini kuna siku niliwalilia wao zaidi, na wao wako hai.

Siku moja nilikuwa Milimani, naweka taili kwenye bafu la watu. Nilikuwa nakata granaiti, maji yanatiririka juu ya diski, nikaitazama ile diski. Ukingoni ina chembe za almasi, ndiyo maana inapita kwenye granaiti bila kuhangaika. Nikazima mashine nikampigia Atieno hapo hapo.

"Lete jiwe tulikate vipande vitatu."

"Kata mguu yako!" akasema, akakata simu. Baada ya siku mbili akapiga mwenyewe. "Na ikipasuka?"

Kukata najua, lakini uso wa jiwe lililokatwa hubaki na michirizo, na lazima usagwe taratibu mpaka ulainike. Hapo ndipo jiwe linaweza kumeguka, na lako lilikuwa moja tu. Likiharibika, dada zangu wasingenisamehe, na mimi pia nisingejisamehe. Nikamwambia nitaunda mashine kwanza, nijifunze kwa mawe mengine, nimwonyeshe. "Nitaona," akasema. Unaijua ile "nitaona" yake. Aliichukua kwako.

Basi nikaanza. Nina debe la diski zilizochakaa, zile ambazo mafundi wenzangu hutupa. Zimechoka kukata, lakini almasi kidogo imebaki. Nikawaza kwamba moja ni kisu, ila saba zikibanwa pamoja kwenye shafti moja ni gurudumu la kusagia, upana wa kidole kimoja hivi. Mota niliipata soko la Kibuye kwa Baba Wambui, yule Mkikuyu anayeuza vyuma vilivyotumika. Ilitoka kwenye pampu ya maji iliyokufa. Akaniuliza naunda nini.

"Mashine ya kusugua jiwe la kusugulia miguu."

"Nyinyi watu wa lake mko na mambo," akasema, akaniongezea nati na bolti za bure.

Juu nilitundika jerikeni lenye kibomba kidogo, maji yadondoke kwenye gurudumu na vumbi lisiniingie kifuani. Mota nikaiinua pembeni, mbali na maji. Na kifuniko cha kuzuia matope yasinirukie usoni ni nusu ya lile beseni lako la kijani, lililopasuka chini ukakataa litupwe. Ulisema litafaa siku moja. Haya, limefaa.

Siku ya kwanza nilijiaibisha. Hizi diski zina mianya ukingoni, na mimi nilizipanga mianya yote ikae mstari mmoja, imenyooka kabisa, kama ninavyopanga taili. Nikawasha, nikaweka jiwe la majaribio. Likanitoka mkononi, likagonga beseni, likatua kwenye kibanda cha kuku cha jirani. Kumbe mianya ikipangana inakuwa mfereji, na kila gurudumu likizunguka jiwe linaangukia humo. Ilinichukua siku tatu kukubali. Mama, mimi nakula kwa sababu ya kunyoosha mistari! Mwishowe nikalegeza nati, nikazungusha kila diski kidogo kupita mwenzake, mambo yakawa shaghalabaghala, nikafumba macho nikawasha. Ikanguruma laini, bila kuruka.

Kosa la pili lilikuwa haraka. Nilikandamiza jiwe kwa nguvu, likameguka pembeni. La pili likameguka pia. Nikakaa chini nimelowa chepechepe, na hapo nikaukumbuka mkono wako. Hukuwa unakandamiza. Ulikuwa ukisema, "Acha jiwe lifanye kazi, wewe shika tu." Nikalowesha, nikashika tu. Nilisaga mawe kumi na moja ya ufukweni bila kuvunja hata moja, huku nikicheka peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili. Nikamtumia Achieng picha. Achieng akamtumia Atieno. Ndivyo walivyoanza kuongea.

Jumamosi wakaja wote wawili. Atieno alileta omena na jiwe, bado limefungwa kwa kile kitambaa. Akaomba sala ndefu, akaombea jiwe, akaombea umeme usipotee, akaombea "mikono ya huyu mtoto wa katikati." Achieng akakaa kwenye swichi. Lakini nilipolipokea jiwe, Atieno hakuliachia.

"Awuor," akasema, "hii ndio yenye Mama alishika kila siku."

"Najua," nikasema. Akaliachia, akaenda kufungua maji.

Nilikata mara mbili kwa mashine yangu ya taili, kama mtu anayekata mkate. Vipande vitatu vikalala kwenye meza ya mashine, vizima. Tukainama. Ndani, Mama, ni jekundu lote, na zile nyuzi nyeupe zinazunguka kama kitunguu kilichokatwa. Miaka yote hiyo ulikuwa unatusugulia kitu kizuri namna hiyo. Achieng akapiga kigelegele mpaka jirani akatoka kuangalia kuku wake.

Walilala kwangu siku mbili. Tulipokezana kwenye gurudumu, kisha tukapiga msasa wa maji, kuanzia wa chembe kubwa hadi wa chembe ndogo, tukamalizia kwa kipande cha jinzi kuukuu. Vile vya pembeni tuling'arisha uso mmoja tu. Kile cha katikati nilikisaga mwenyewe pande zote, hata ukingo, kwa maringo ya fundi. Kikang'aa kama kimelowa, na kilikuwa kikavu. Nikajua sasa vita vitaanza upya, maana kila mtu atakitaka hicho.

Hakuna aliyekitaka! Walinyakua vile vya pembeni mara moja, kwa sababu nyuma vilikuwa bado na vishimo.

"Hiyo yako ni ya maua," Achieng akaniambia. "Haiwezi toa magaga."

Basi cha katikati kikabaki kwangu, na nilijua pa kukipeleka. Tulikuja pamoja Asembo. Unakumbuka kaburi lako nililiweka taili mimi? Nilibandua moja upande wa miguu, nikapaka saruji, nikakiweka hapo. Kina rangi ile ya Jumamosi jioni, na hakihitaji maji.

Nilipomaliza kunawa saruji, nikamwona Atieno amekaa mlangoni mwa bafu, kwenye kigoda chako, anaitazama miguu yangu. Saruji imeipasua, sitakuficha. Akachovya kipande chake majini.

"Kel tiendi," akasema.

Mama, ilikuwa sauti yako. Nikampa mguu, mimi mwanamke wa miaka arobaini. Achieng akaja na kipande chake akadaka mguu wa pili, akaanza kunisimanga kwa magaga yangu, nikacheka, nikalia, nikacheka tena.

Kwa hiyo sina jiwe. Nakuahidi sitatafuta lingine. Magaga yakirudi nitapanda gari niende Luanda Kotieno, au Kombewa, nivue viatu mlangoni kwa dada yangu.

Oriti, Mama.

Mtoto wako wa katikati,
Awuor