Msiniletee Soda na Mkate

Kidole ya mguu bado iko, Mwikali. Hawajakata. Nimeanza na hiyo kwa sababu najua ndiyo ulikuwa unangoja, hata salamu ungeziruka. Sasa habari yenu, mdogo wangu? Mzee wako kifua imeacha kumsumbua? Hiyo baridi ya Nunguni naiota nikiwa hapa Kitui, mahali mtu anatoka jasho akiwa amekaa tu. Mimi niko. Natembea mpaka choo bila fimbo.

Usishangae hii ni Kiswahili. Mtoto wangu Kavindu anashinda kazini, kwa hivyo anayeniandikia ni jirani, Mama Halima, bibi ya yule Msomali mwenye duka. Kikamba yake ni ya kuuza chumvi peke yake. Anacheka. Andika, mama, wacha kucheka.

Basi ulisikia daktari alinipa wiki mbili, sukari ikikataa kushuka kidole inaenda. Sasa hiyo wiki ya kwanza wakaja akina mama wa kanisa ya hapa. Watu wazuri, Mwikali, hata hawanijui sana. Mmoja na mkate mbili, mwingine na soda nusu kreti, mwingine na siagi ya kopo na glukosi. Si unajua mgonjwa anaonwa hivyo. Wakaimba, wakaomba, wakafungua soda wakanipatia kwa mkono. Ningesema nini? Nikakunywa. Wakienda, mkate si itaharibika? Nikakula na chai. Glukosi ndiyo nilikoroga kama dawa kabisa, vijiko vitatu, asubuhi na jioni, kwa sababu nilijua ni ile ile wanaweka watu kwa mshipa hospitali. Nikazidi kuugua. Wakasikia nimezidi, wakarudi wengi kuliko mara ya kwanza, na mkate mingi kuliko mara ya kwanza.

Kurudi kliniki, wakachukua mkojo wakatia dawa ya bluu, wakachoma kwa moto. Ikibaki bluu uko sawa. Yangu ilitoka rangi ya matofali. Daktari ni kijana wa Kathonzweni, mwembamba, kwao wanajulikana kwa mbuzi, lakini hiyo nitakuambia siku ingine. Akaniuliza kama nyanya yake, "Susu, unakula nini?"

"Chakula ya mgonjwa."

"Ndiyo gani hiyo?"

Nikamhesabia yote. Akashika kichwa. "Nani anakuletea?"

"Watu wa Mungu."

"Waambie watu wa Mungu wakuletee mbaazi."

Akasema soda ni maji na sukari na rangi, na ile unga ya mkate imetolewa kila kitu huko kiwandani ikabaki nyeupe tu, ikifika tumboni inageuka sukari mbio. Nikafurahi. Nikamwambia hiyo mimi nilijua zamani, vitu vya kiwanda vyote ni sumu, sisi tulilelewa na muthokoi.

"Na muthokoi unatengeneza aje, susu?"

"Si natwanga mahindi kwa kinu mpaka ganda itoke."

"Ganda inaenda wapi?"

"Kwa kuku."

"Basi kinu yako ni kiwanda kidogo."

Mwikali, nilikasirika! Mtoto wa juzi, ananiambia kinu ya mama yetu ni kiwanda. Sikumuaga. Lakini njiani nikawaza wale kuku, vile walikuwa wanene na sisi tumekonda. Nikawaza pia chumvi inatoka kiwanda, majani ya chai inatoka kiwanda, na hakunikataza. Kumbe shida si kiwanda. Shida ni vile wametoa na vile wameongeza. Siku hizi nakula isyo, ile mahindi na ganda yake imepikwa na maharagwe, tena mbaazi, mboga ya kunde, na tembe zake nameza. Muthokoi naweka kidogo, sikudanganyi. Kavindu anatafuna mkate wake hapo mbele yangu, mimi nageuka nyuma.

Jumatatu mkojo ikatoka kijani. Si bluu bado, lakini daktari amesema kidole ikae, aione mwezi ujao. Mama Halima anasema nikiendelea hivi nitafunga duka ya bwana yake. Nimemwambia waweke gunia ya mbaazi hapo mlangoni.

Sasa hii ndiyo imenifanya niandike. Ulisema akina mama wa kanisa ya huko wamepanga kuja kuniona, watu kumi, na kreti mbili na mikate. Wazuie. Tafadhali, mwana wa mama yangu. Lakini fanya polepole, isionekane imetoka kwangu, watasema Kalunde amefika Kitui akaanza kujivuna, anakataa mkono ya watu. Unakumbuka yule mama wa Matiliku aliyekataa chai ya matanga, mpaka leo anatajwa. Sema labda gari imekuwa shida. Sema labda—

Ngoja. Barua zako si unasomewa na bibi ya pastor? Na si yeye ndiye mkubwa wa hao akina mama? Basi amekwisha kusikia.

Mama Halima ananiuliza, "Nifute?" Nimemwambia usifute, wacha ikae hivyo.

Mama Pastor, usinikasirikie. Nawapenda, kujeni wote kumi. Mkikosa mbaazi, kujeni na mikono mitupu na ile kuimba yenu.

Salimia mzee wako. Salimia bibi ya kaka yetu, mwambie mguu wangu unamuuliza mguu wake. Na yule shangazi asiyesikia, mpigie kelele mpaka asikie kwamba—

Kavindu amerudi, ananiita. "Mama! Toka, akina mama wa kanisa wako hapa nje!" Nimechungulia dirishani. Ni watano, na naona shingo ya chupa kwa kikapu. Wacha niende niseme mwenyewe. Kama nitaweza, sijui, lakini wewe huko usingoje kusikia yangu, waambie wako waziwazi.

Ni mimi dada yako, Kalunde.