Misalaba ya Ziada

Jumatano, 10 Aprili 2024
Turubai limeondolewa kwenye mnara wa kumbukumbu ya Vita Kuu. Kamati ya Kupendezesha Mji — kupendezesha, wala si kuhifadhi! — imejipigia makofi. Marumaru imesuguliwa ikang'aa kama sinki jipya. Miaka mia ya kuzeeka kwa heshima, imekwenda na mashine ya maji.

Hilo si baya zaidi. Hapa kwetu mnara hubeba majina ya wote waliojitolea kwenda vitani, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa. Aliyefia huko huchongewa msalaba mdogo kando ya jina lake. Waliokufa ni kumi na tisa. Leo misalaba ni sitini na mitatu! Fundi alidhani mingine imefutika kwa umri, akaichonga "upya". Kila jina limepata wake. Wanaume wa mji mzima wameuawa kwa patasi, na hakuna mwanakamati aliyegundua.

Ijumaa, 12 Aprili
Nimemkuta mwenyekiti, Des Trembath, muuza matrekta, akila keki mlangoni pa duka la mikate. Nimemweleza polepole, kama inavyompasa mtu wa aina yake. Akacheka.

"Lakini wote si wameshakufa, Profesa? Sisi tumewawahisha tu!"

Nikasema kufia Ufaransa ukiwa kijana si sawa na kufia kitandani pako ukiwa mzee.

"Aisee, punguza. Sasa imepangika vizuri. Zamani ilikuwa mmoja huku, mmoja kule, kama meno ya babu yangu."

Huyu ndiye mlinzi wa historia yetu.

Jumatatu, 15 Aprili
Jirani yangu, Bi. Una Polkinghorne, amekwenda kujionea. Ana miaka tisini na miwili. Baba yake, Jabez, alirudi na pafu moja, akafanya kazi relini, na mwaka 1931 akampata Una. Bibi ameketi jikoni kwangu, chai hakuigusa.

"Kumbe baba alinizaa akiwa marehemu," akasema. "Mama naye wamemwachia sifa gani?"

Sikucheka, yeye mwenyewe hakucheka.

"Alijivunia kitu kimoja tu, mwanangu. Kwamba alirudi."

Anachotaka ni kidogo: tarehe 25, siku ya kuwakumbuka askari, baba yake asisomwe pamoja na waliokufa vitani.

Alhamisi, 18 Aprili
Mkutano wa kamati. Nimependekeza jiwe lisiguswe tena, kibao cha maelezo kiwekwe pembeni, na asubuhi ya kumbukumbu yasomwe majina kumi na tisa pekee. Mweka hazina anataka misalaba ya ziada izibwe kwa gundi ya vigae. Gundi ya vigae — juu ya marumaru! Wakaipokea kama hekima.

Kuhusu majina, Des akafunga mjadala: ratiba zimeshachapwa, na majina yamenakiliwa kutoka kwenye mnara wenyewe. "Bi. Una niachie mimi. Nitamwekea kiti cha mbele."

Kiti!

Jumanne, 23 Aprili
Mvua. Jiwe lililochubuliwa linakunywa maji kama sponji. Sina la kuongeza.

Alhamisi, 25 Aprili
Alfajiri, baridi kali, umati mkubwa. Des alisoma majina ya "mashujaa wetu waliolala ugenini" kwa sauti ya mnadani. Akafika kwa Jabez Polkinghorne.

"Alirudi!"

Bi. Una, kiti cha mbele. Des akakohoa. "Mama, tafadhali, tuko kwenye ibada—"

"Alirudi, wewe Desmond! Ndiye aliyemfundisha baba yako kuendesha gari, na alijuta!"

Wachache wakacheka, kisha wakanyamaza kwa namna ambayo sikuitarajia kwa mji huu. Des akakimbilia jina lililofuata: Hartley Prisk.

Prisk naye alirudi. Alifuga nyuki nyuma ya kanisa la Wamethodisti hadi 1958. Hakuoa, hakuacha ndugu. Pale uwanjani hapakuwa na mtu wa kumsemea.

Des akavuta pumzi aendelee. Bi. Una akageuka kitini, akanitazama mimi — mimi ambaye katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kupaza sauti hadharani. "Alirudi!" nikasema kwa nguvu.