Bonaventura Hakuwa Amelala

Haydom, wodini

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mahindi yetu ya Dongobesh yanaendelea vizuri. Ndizi ulizoleta zimeliwa na wagonjwa wa jirani, wanakushukuru. Mimi sikuzigusa.

Uji ulipomtoka mume wangu puani, wewe uliziba pua yako, ukaufuta kwa kitenge mkono wako alioushika kukusalimia. Nilimpangusa mimi, pua na mdomo, wala sikuona kinyaa. Mdomo huohuo ndio ulioniambia "wewe tu" siku zote za uchumba! Kinyaa kilinishika uliposema mbele yake, "Mectilda, rudi nyumbani kabla hujabeba mimba. Huyu atalazwa kila mwaka. Mwone, amelala kama gunia."

Hakuwa amelala, Shangazi. Ugonjwa wake wa misuli ukirudi, kope humwangukia hata akiwa macho, lakini masikio hayaugui. Alinieleza yote kabla ya harusi, na wewe nilikueleza.

Ulipoondoka alininong'oneza, "Nenda naye, mke wangu."

Nilimwinua kope moja kwa kidole, taratibu, ili anione usoni. Nikamwambia, "Nitazame vizuri. Naenda wapi?" Akajaribu kucheka, likatii shavu moja tu. Jamani, nampenda mpaka naona aibu kuandika! Wewe bado nakuonea kinyaa, siwezi kukuficha.

Ukija tena, mwombe radhi yeye kwanza. Hata ukimkuta amefumba macho, ongea. Anasikia.

Nakuheshimu kwa kuwa baba alinilea hivyo,
Mectilda, mke wa Bonaventura